Inchi na Mita Katika Kingo za Ruvuma

Ndugu msomaji, na hasa wewe uliyevaa sare, tunakuomba leo utufuate hadi pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, katika nchi ya Msumbiji, pale mto Ruvuma unapoingia baharini na ambapo katika soko moja la Palma huweza kusikika Kimwani, Kimakonde, Kiswahili na Kireno kabla jua halijapanda. Hatukupeleki huko ili tukusimulie mapigano. Hayo yamekwisha kuandikwa mara nyingi. Tunakupeleka ili tuzungumze habari ya vipimo, jambo ambalo mtu wa silaha hulidharau kuwa ni la walimu wa hesabu, hadi siku linapomdhuru yeye au mwenzake.

Tangu vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba, 2017, pwani hii imepokea askari wa mataifa mengi. Wanyarwanda waliingia Julai 2021. Ujumbe wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika uliingia mwezi huo huo, ukamaliza muda wake Julai 2024. Katika miaka hiyo walikutana maofisa wanaofikiri kwa Kireno, wengine kwa Kiingereza, wengine kwa Kiswahili au Kinyarwanda, wote wakipeana namba. Nchi zao zote kisheria hutumia mita, kilo na lita. Basi mtu atauliza, tatizo liko wapi? Tatizo, kwa maoni yetu, limo katika vyombo. Sheria ya nchi husema mita, lakini gari, bunduki, helikopta, ramani ya bahari na mkataba wa gesi kila kimoja kina lugha yake tangu kilipozaliwa, na lugha hiyo haikupata kuiomba ruhusa sheria ya nchi.

Kabla ya mkoloni kuweka mguu, pwani hii ilikuwa na vipimo vyake. Nguo ilipimwa kwa shubiri, kwa dhiraa na kwa wari. Nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Kina cha maji kwa pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Na mali nzito ya biashara, kama pembe za ndovu na gundi ya msandarusi, kwa frasila, ambayo ilikuwa karibu ratili 35, au kilo 16 kwa hesabu ya leo. Vilikuwa vipimo vya watu wanaojuana. Ila yake ni kwamba pima ya nahodha mrefu si pima ya nahodha mfupi, na pishi ya mwenye duka haikosi kutofautiana na pishi ya mkulima.

Wareno waliukubali mfumo wa mita kwa amri ya Malkia Maria wa Pili mwaka 1852. Wajerumani waliufuata mwaka 1872, yaani kabla hawajafika Tanganyika. Mataifa yote mawili yalitia sahihi Mkataba wa Mita mjini Paris tarehe 20 Mei, 1875. Ndiyo maana pembetatu ya Kionga, kile kipande kidogo cha ardhi kusini ya mlango wa Ruvuma ambacho Mjerumani alikitwaa mwaka 1894 na Mreno akakirudisha kwa nguvu mwaka 1916, ilibadilishiwa bendera bila kubadilishiwa kipimo. Aliyeileta inchi katika kingo ya kaskazini ni Mwingereza, alipoishika Tanganyika baada ya vita ile. Alikuja na maili yake yenye yadi 1,760, na yadi yenye futi tatu, na futi yenye inchi kumi na mbili, na ratili yenye wakia kumi na sita, na galoni ambayo haigawanyiki vizuri na chochote kati ya hivyo. Kwa muda wa karibu nusu karne Ruvuma haukutenganisha makoloni mawili tu. Ulitenganisha hesabu mbili.

Vijana wa Frelimo waliofunzwa Kongwa na baadaye Nachingwea walitoka katika nchi ambayo barabara zake bado zilihesabiwa kwa maili, wakavuka mto kwenda kupigana katika nchi ya kilomita. Risasi za kwanza za vita vile zililia Chai, katika mkoa huu huu wa Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba, 1964. Tanzania yenyewe iligeukia mita na kilo mwishoni mwa miaka ya 1960, na hapo kingo mbili za Ruvuma zikarudi kusema lugha moja, angalau katika vitabu vya serikali.

Turuhusiwe kuchepuka kidogo, maana historia nayo ina mzaha wake. Mwingereza, mtu wa futi na inchi, alipojenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwani alitandika reli zenye upana wa mita moja kamili, kwa kufuata mabehewa yaliyotumika India. Mreno, mtu wa mita, alipojenga reli za Msumbiji alitandika upana wa futi tatu na inchi sita, ili zipatane na reli za Waingereza wa kusini. TAZARA ilipojengwa katika miaka ya 1970 ilifuata upana huo wa kusini, yaani milimita 1,067. Hivyo Kidatu, ambako reli ya TAZARA inakutana na reli ya mita moja, mizigo hushushwa na kupakiwa upya kwa sababu ya milimita 67, upana usiozidi ule wa kiganja. Lakini huko pwani ya Cabo Delgado hakuna reli, turudi barabarani.

Fundi wa karakana ya jeshi ndiye wa kwanza kuonja uchungu wa mambo haya. Katika vita vya ukombozi jeshi la Kireno lilipita njia za mchanga za Mueda na Mocímboa kwa malori ya Berliet yaliyoundwa Ureno na kwa Unimog za Kijerumani, magari ya milimita tangu nati ya kwanza hadi ya mwisho. Kingo ya pili, gari la askari na polisi lilikuwa Land Rover, na jina lenyewe la Land Rover 109 ni inchi: ndio umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Sanduku la spana la upande mmoja halikufaa upande wa pili, lakini, na hapa ndipo penye hatari, lilikaribia kufaa. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana namba 13 inaingia. Inacheza kidogo tu, na fundi mwenye haraka ataikaza. Mara ya kwanza itakubali, mara ya pili itakubali, mara ya tatu pembe za nati zitakuwa zimekwisha kulika na gari limelala porini. Spana namba 19 na ile ya robo tatu ya inchi zinatofautiana kwa sehemu ishirini tu za milimita moja iliyogawanywa kwa mia nne, yaani 0.05, na mtu anaweza kufanya kazi miaka thelathini akidhani ni kitu kimoja.

Mtu atasema Land Rover za zamani zimekwisha, sasa ni zama za Toyota. Ni kweli, na Mjapani ni mtu wa milimita. Lakini likague tairi la Land Cruiser ya doria. Aghalabu utakuta imeandikwa 7.50 R16, na namba zote mbili ni inchi: inchi saba na nusu za upana wa tairi, inchi kumi na sita za ringi. Tairi la namna ya pili litaandikwa 235/85 R16, na hapo askari atazame vizuri, kwa sababu katika mstari mmoja namba ya kwanza ni milimita, ya pili ni asilimia, na ya tatu ni inchi. Dunia nzima, pamoja na nchi zilizoasisi mita, ringi ya gari bado hupimwa kwa inchi. Upepo nao hivyo hivyo. Dereva wa Mtwara ataagiza upepo 35, akimaanisha ratili kwa inchi ya mraba. Fundi wa ng'ambo atajaza 2,4, akimaanisha bar. Ni upepo ule ule. Tatizo halipo wanapokuwa wawili na tairi moja. Lipo pale geji inapokuwa ya mmoja na mkono unapokuwa wa mwingine.

Na askari wa usalama barabarani wasidhani kwamba wamesahauliwa. Gari kuukuu lililoundwa kwa ajili ya soko la Uingereza lina saa ya mwendo inayohesabu maili. Mshale ukisimama kwenye 50, dereva anaweza kuapa kwamba hakuvuka kiwango cha mwendo wa mahali pa makazi, na mshale wake utamtetea, ilhali gari linakwenda kilomita 80 kwa saa.

Kuhusu mafuta tungeweza kuandika makala nzima. Pipa la mafuta linalosimama nyuma ya kila kambi huitwa na Mwingereza pipa la galoni 44, na Mmarekani huliita pipa la galoni 55. Si mapipa mawili. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Ofisa wa ugavi akiomba galoni elfu moja bila kusema za nani, kati ya jibu moja na jingine kuna tofauti ya lita 761, na lita 761 ni safari nyingi za doria.

Lakini kisa kinachotupendeza zaidi katika mlango huu ni cha debe. Debe letu, lile la kupimia mahindi na kuchotea maji, asili yake ni bati la mafuta la galoni nne za Kiingereza, kama lita 18. Jeshi la Uingereza lilipopigana katika jangwa la Afrika Kaskazini katika Vita Kuu ya Pili lilibeba petroli yake ndani ya mabati mepesi ya galoni nne, ndugu wa debe hilo. Yalitoboka, yalivuja, na sehemu kubwa ya mafuta ilinyweshwa mchanga kabla ya kufika mbele. Mjerumani wa upande wa pili alikuwa na chombo cha chuma kigumu, chenye mishikio mitatu, kinachobeba lita 20 kamili. Waingereza walipokiteka walikitumia, kisha wakakiiga, wakakiita kwa jina la utani walilomwita nalo adui yao, Jerry. Ndilo jerikeni hilo unalolibeba, ndugu askari. Kwa hiyo debe na jerikeni, vilivyosimama leo pamoja kisimani Palma au Mtwara, vilikuwa majeshi mawili, na cha lita ndicho kilichoshinda kile cha galoni, japokuwa mwenyewe alishindwa vita.

Sasa tuje kwenye bunduki. Kila askari anajua kwamba SMG yake ni ya milimita 7.62, na anadhani kwamba kwa kusema milimita amekwisha kuachana na Mwingereza. La hasha. Inchi moja ni milimita 25.4. Chukua sehemu tatu za inchi iliyogawanywa kwa kumi, utapata 7.62, bila kuzidi wala kupungua. Sababu yake ni kwamba Tsari Petro Mkuu wa Urusi aliifananisha futi ya Kirusi na ile ya Kiingereza, na mafundi wa silaha wa Urusi wakawa wakipima mitutu kwa mistari, kila mstari ukiwa sehemu ya kumi ya inchi. Bunduki yao ya mwaka 1891 iliitwa bunduki ya mistari mitatu. Baada ya mapinduzi, serikali ya Kisovieti iliamuru mita mwaka 1918. Mistari mitatu ikaandikwa 7.62, lakini hakuna aliyetupa mashine za kutobolea mitutu. Kalashnikov alirithi tundu hilo. Kadhalika bunduki nzito ya rasharasha ya 12.7 ni nusu inchi, na makombora ya milimita 122, ambayo wapiganaji wa Vita vya Kagera hawahitaji kuelezwa, yametoka katika mzinga wa kale wa mistari 48. Bendera ya Msumbiji iliyopitishwa mwaka 1983 imechorwa Kalashnikov juu ya kitabu na jembe. Nchi iliyorithi mita ya Mreno inapeperusha, bila kukusudia, sehemu tatu za kumi za inchi ya Mwingereza.

Hilo lingekuwa mchezo wa akili tu kama lisingekuwa na upande wa pili. Katika vita vya 1964 hadi 1974 jeshi la Kireno lilibeba bunduki ya G3, nayo ni ya milimita 7.62, kwa sababu Wamarekani nao walikuwa na mtutu wao wa sehemu tatu za inchi na wakaueneza katika umoja wao wa kujihami. Basi wapiganaji wa Frelimo na maadui zao walipigana kwa namba moja. Lakini risasi iliyotekwa katika G3 haikuingia katika Kalashnikov, kwa maana ganda la moja lina urefu wa milimita 51, na la nyingine 39. Ukiandika katika hati ya kuomba risasi “7.62” peke yake hujaandika kitu. Mtunza ghala atakuletea sanduku, namba itakuwa sahihi, na askari mbele watakuwa na vyuma visivyofaa. Yule askari polisi wa zamani aliyebeba .303 alikuwa na nafuu, maana namba yake ilikuwa ya inchi waziwazi na haikufanana na ya mtu mwingine yeyote.

Ipo namba nyingine ambayo vijana wanaotoka vyuo tofauti hawana budi kuulizana mapema. Mpiga mizinga hagawanyi duara kwa nyuzi 360 kama mwanafunzi wa shule. Hugawanya kwa sehemu ndogo ziitwazo mili. Vyombo vya asili ya Kisovieti na Kichina hugawanya duara kwa mili 6,000. Vyombo vya nchi za Magharibi hugawanya kwa mili 6,400. Mwangalizi mwenye dira ya namna moja akitoa uelekeo wa 1,000, atakuwa ametoa nyuzi 60. Mwenye mzinga wa namna ya pili akiupokea kama ulivyo, ataelekeza kwenye nyuzi 56 na robo. Katika umbali wa kilomita tatu tofauti hiyo ni mita 196. Mita 196 kushoto au kulia zinatosha kuvuka kutoka maficho ya adui hadi kijiji cha wavuvi, au hadi kikosi cha rafiki. Hakuna aliyekosea kusoma, hakuna aliyekosea kusema, na redio ilisikika vizuri kabisa.

Uandishi wenyewe wa namba hubadilika mto ukivukwa. Tanzania, kwa mazoea ya Kiingereza, huandika elfu moja na mia tano kwa mkato, 1,500, na moja na nusu kwa nukta, 1.5. Msumbiji, kwa mazoea ya Kireno, hufanya kinyume: mkato ndio unaotenga sehemu, na nukta ndiyo inayotenga maelfu. Kwa hiyo karatasi ya Palma yenye maneno “mita 1.500” inasema elfu moja na mia tano. Msomaji wa Mtwara asiyeambiwa atasoma mita moja na nusu, atacheka, na pengine hilo ndilo jema lake, kwa kuwa kosa kubwa mno hujulikana. Linaloua ni dogo. Tuongeze na saa: Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa nzima, na Mswahili wa kingo zote mbili husema saa mbili pale Mreno anaposema saa nane. Ahadi ya kukutana “saa mbili” mpakani, isipofafanuliwa, ina majibu manne. Ndiyo sababu jeshi huandika saa kwa tarakimu nne na kutaja ni saa za wapi.

Angani na baharini ndiko ambako inchi na ndugu zake hawajashindwa kabisa. Msumbiji ni nchi ya mita, lakini ndege inayotua Pemba au Mocímboa huambiwa kimo chake kwa futi, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya usafiri wa anga katika sehemu kubwa ya dunia. Helikopta za Kisovieti za zamani zilikuwa na saa za mita. Za Magharibi zina saa za futi. Namba 300 ikiwa mita, rubani yuko juu ya minazi kwa usalama. Ikiwa futi, yuko mita 91. Baharini, maili ni ya namna yake, yenye mita 1,852, na ramani kuukuu za Kiingereza huandika kina kwa pima za futi sita, ambapo ramani mpya huandika kwa mita. Tarakimu 3 karibu na miamba ya visiwa vya Quirimbas inaweza kuwa mita tano na nusu za maji, au mita tatu. Nahodha wa boti ya doria asome kwanza maneno madogo yaliyoandikwa pembeni mwa ramani, kisha ndipo atazame tarakimu.

Asiyeamini kwamba mataifa makubwa nayo hukwama hapa na asikilize. Tarehe 23 Julai, 1983, ndege mpya ya Air Canada aina ya Boeing 767, yenye watu 69, iliishiwa mafuta ikiwa katika kimo cha futi 41,000. Canada ilikuwa katika kuhama kutoka ratili kwenda kilo, na ndege za aina hiyo zilikuwa za kwanza katika shirika hilo kuhesabu mafuta kwa kilo. Zilitakiwa kilo 22,300. Wahudumu walikokotoa kwa namba 1.77, ambayo ni uzito sahihi kabisa wa lita moja ya mafuta ya ndege, kwa ratili. Wakadhani ni kilo. Ndege ikaruka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Rubani aliielea kama mwewe hadi katika uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, ambao siku hiyo ulikuwa ukitumika kwa mashindano ya magari, akatua, wala hakufa mtu. Miaka kumi na sita baadaye, tarehe 23 Septemba, 1999, Wamarekani walipoteza chombo chao kilichokuwa kikiingia katika sayari ya Mihiri, kwa kuwa programu ya kompyuta ya upande mmoja ilitoa nguvu kwa kipimo cha ratili na upande wa pili ukaipokea kwa kipimo cha metriki. Namba zilipishana mara nne na nusu hivi. Huko hakukuwa na uwanja wa magari wa kutulia.

Tusiwe na haraka ya kuwacheka. Katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, kama hatua chache tu kutoka Ruvuma, mkulima wa korosho ameumizwa miaka mingi na kangomba, kile chombo cha kienyeji ambacho mlanguzi hukitumia kupimia korosho mashambani, huku bei ikitajwa kana kwamba ni ya kilo. Novemba 2018, serikali ilipotangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo na kulipa Jeshi la Wananchi kazi ya kusomba korosho, askari wengi walijionea wenyewe ni kwa nini mizani ilikuwa na uzito kuliko maneno ya mkutanoni. Sheria ya Vipimo ipo tangu mwaka 1982, na Wakala wa Vipimo tangu 2002. Askari polisi anayemkamata mwenye kangomba au mwenye gunia la lumbesa hana haja ya elimu ya chuo kikuu, ana haja ya mizani iliyohakikiwa. Mlanguzi hajali kama ni inchi au mita. Anachokipigania ni kuwa yeye ndiye mwenye kukishika chombo.

Na hapo ndipo rasi ya Afungi, karibu na Palma, inapotuhusu. Chini ya bahari ya pwani hii, tangu mwaka 2010, imegunduliwa gesi asilia inayotajwa kuwa zaidi ya trilioni 100. Trilioni 100 za nini? Futi za ujazo. Nchi iliyorithi mita tangu enzi za Wareno husikia utajiri wake ukisomwa kwa futi, kwa sababu waliotangulia kuutafuta, kampuni ya Anadarko, walitoka Texas na walikuja na hesabu za kwao. Kwa mita za ujazo ni karibu trilioni 2.83. Utajiri haukupungua, lakini namba imeshuka mara thelathini na tano, na mwananchi wa Palma aliyezoea kusikia mia moja ana haki ya kuuliza imekwenda wapi. Lugha nayo huongeza utata, kwa kuwa bilioni yetu ya Kiswahili ni milioni elfu moja, ilhali “bilião” ya Kireno sanifu ni milioni ya milioni, yaani trilioni yetu. Mkalimani asiyejua hilo anaweza kumfanya waziri mmoja kuwa mwongo mbele ya mwenzake.

Kazi katika mtambo wa Afungi, unaosimamiwa na TotalEnergies na uliokusudiwa kutoa kama tani milioni 13 kwa mwaka, ilisimama baada ya shambulio la Palma la Machi 2021. Baharini, kilomita kama 50 kutoka pwani, kazi haikusimama. Huko kinaelea Coral Sul, kiwanda cha kampuni ya Eni chenye urefu wa mita 432, juu ya maji ya kina cha mita 2,000 hivi. Humo gesi hupozwa hadi nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri, ikageuka maji na kupungua ukubwa mara mia sita. Shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Mnunuzi wa gesi yote ni BP ya Uingereza, na katika biashara ya aina hii bei kwa kawaida hutajwa kwa milioni za kizio cha joto cha Mwingereza, yaani joto linalotosha kuipasha ratili moja ya maji kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. Katika tani moja vimo kama milioni 52.

Hivyo gesi ile ile imehesabiwa kwa futi za ujazo ilipokuwa chini ya mwamba, kwa tani inapotoka kiwandani, kwa mita za ujazo ndani ya matangi ya meli, na kwa joto la Mwingereza katika hati ya malipo. Kila mara inapovuka kutoka kipimo kimoja kwenda kingine pana mtu amesimama na geji, na Msumbiji, ambayo taasisi yake ya viwango na ubora iliundwa mwaka 1993, inahitaji watu wake wasimame hapo pia. Coral Sul imejengwa kutoa tani milioni 3.4 kwa mwaka. Geji ikikosea kwa sehemu moja tu katika mia, ni tani 34,000.